Elimunafsi na Mwalimu wa Lugha: Mapito ya Elimu Changa

Walimu wengi tuliopitia vyuo vya ualimu tumeipokea saikolojia kwa namna moja: orodha ya majina ya kigeni, kila jina na nadharia yake, na kila nadharia na maksi zake katika mtihani. Pavlov na mbwa wake, Skinner na njiwa wake, Piaget na hatua zake nne. Tuliyakariri majina hayo usiku wa kuamkia mtihani, tukayaandika asubuhi, na ilipofika jioni mengi yalikuwa yamekwisha potea. Hakuna aliyetuambia kwamba wataalamu hao walikuwa wakibishana, wala kwamba ubishi wenyewe ulihusu jambo tulitendalo kila siku darasani, yaani namna mtu ajifunzavyo kusema na kukumbuka alichojifunza. Makala haya yanausimulia ubishi huo, tena kwa upendeleo: panapomgusa mwalimu wa Kiswahili nitakawia, na kwingine nitapita upesi.

Tuanze na jina. Wako wasemao saikolojia, na wako wapendeleao elimunafsi. Neno la kwanza lina asili ya Kiyunani na maana yake ni elimu ya nafsi, hivyo hilo la pili ni tafsiri aminifu. Lakini nafsi katika Kiswahili haikai peke yake. Mtu husema nafsi yake inamsuta, moyo umemwuma, akili zimemruka, roho imemtoka. Kila kimojawapo kina kazi yake na hakikubali kushika ya mwenzake. Swali la kipi hasa kati ya hivyo ndicho cha kuchunguzwa si la Waswahili peke yao. Wataalamu nao waliulizana, na majibu yao mbalimbali ndiyo yaliyozaa madhehebu ya elimu hii.

Si kwamba nafsi haikufikiriwa zamani. Aristotle aliandika juu ya nafsi na kumbukumbu katika karne ya nne kabla ya Kristo, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipa nafsi kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa ya falsafa. Walakini mwaka utajwao na wengi kuwa ndio wa kuzaliwa kwa elimu hii ni 1879, pale Wilhelm Wundt, mtu aliyesomea udaktari, alipofungua maabara katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Humo wanafunzi wake walikaa mbele ya vyombo vya kupimia wakati, wakabonyeza kitufe mara wasikiapo mlio au waonapo mwanga, kisha wakaeleza kwa makini yaliyowapitia ndani. Jambo ambalo madaftari yetu ya chuo hayakulisema ni kwamba Wundt mwenyewe hakuamini kuwa maabara yatosha. Alishika kwamba fikra za juu, kama vile lugha, mila na dini, ni mali ya jamii nzima na hazipimwi kwa saa. Basi akautoa uzee wake, tangu mwaka 1900 hadi alipofariki mwaka 1920, kuandika majuzuu kumi juu ya mambo hayo. Na juzuu ya kwanza ilihusu lugha.

Wakati Wundt alipokuwa akizipanga saa zake, Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, alikuwa chumbani mwake akijifanyia majaribio mwenyewe, bila maabara. Huyu ningependa kila mwalimu amjue. Alitaka kujua kumbukumbu hupotea kwa kasi gani. Aliona kuwa maneno ya kawaida hayafai, maana kila neno huvuta jingine ambalo mtu alijua tangu utotoni. Kwa hiyo akaunda silabi tupu zisizo na maana zipatazo 2,300, kila moja konsonanti, irabu, kisha konsonanti. Laiti angelikuwa Mswahili, kazi ingemshinda mlangoni: silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na vipande kama ka, ki, ku, ni, na, wa, kila kimoja kimekwisha beba kazi yake ya sarufi. Ebbinghaus alizisoma orodha za silabi hizo kwa mwendo mmoja, siku baada ya siku, mpaka aweze kuzitamka bila kosa; kisha akangoja, na baadaye akajifunza upya orodha zile zile na kupima ni kiasi gani cha juhudi alichookoa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Baada ya saa moja akiba yake ilikuwa asilimia 44. Baada ya siku moja ilikuwa 34. Lakini baada ya siku 31 ilikuwa bado 21. Ndiyo kusema kusahau hukimbia mwanzoni, kisha huanza kutembea.

Yako mawili mengine katika kitabu hicho yanayotuhusu zaidi. La kwanza, aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja. La pili, alijaribu pia kuhifadhi beti za utungo wa Byron uitwao Don Juan, akakuta kwamba ushairi ulimgharimu kama sehemu moja ya kumi tu ya juhudi aliyoitumia kwa silabi tupu za urefu huo huo, kwa kuwa una maana, mizani na vina. Mwalimu afundishaye viambishi vyote vya ngeli Jumatatu kwa dakika 80, kisha asivirudie mpaka mtihani wa mwisho wa muhula, anashindana na hesabu iliyokwisha pigwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kadhalika yule aandikaye ubaoni majedwali ya viambishi vitupu, bila sentensi wala wimbo wa kuvibeba, anawapa wanafunzi wake silabi za Ebbinghaus badala ya beti za Byron. Nakiri kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu huyo.

Ng'ambo, Marekani, William James alichapisha mwaka 1890 kitabu cha majuzuu mawili kilichomchukua miaka 12, na mwaka 1899 akatoa mihadhara kwa ajili ya walimu. Humo aliwatahadharisha kwamba elimu ya nafsi haiwezi kumtolea mwalimu utaratibu wa somo uliokamilika. Kufundisha ni ufundi, na ufundi hauchimbuki moja kwa moja katika sayansi. Onyo hilo halikusikilizwa sana.

Halikusikilizwa hasa katika jambo la kupima akili. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto waliokuwa wakishindwa na masomo ya kawaida, na mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo cha maswali 30. Nia ya Binet ilikuwa kuwatambua watoto wahitajio msaada, ili wasaidiwe. Aliwapinga waziwazi wale waliodai kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichokatwa tangu kuzaliwa kisichoweza kuongezeka. Alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kilivuka bahari, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakitengeneza upya mwaka 1916, na kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha askari wa Marekani wapatao milioni 1.7 walikuwa wamepimwa kwa vipimo vya namna hiyo. Wahamiaji waliokuwa bado hawajajua Kiingereza vizuri wakaonekana wapumbavu, na wako wataalamu walioamini.

Kwetu Afrika ya Mashariki balaa hilo lilikuja kwa sura nyingine. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandikiwa na Shirika la Afya Duniani kutunga kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kilichotoka mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maandishi yake mengine, yaliyowaeleza Mau Mau kana kwamba ni ugonjwa wa nafsi, wala si madai ya ardhi. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Na huko Abeokuta, Nigeria, daktari Adeoye Lambo alikuwa amekwisha anza, tangu mwaka 1954, kuwatibu wagonjwa wakiishi pamoja na jamaa zao vijijini, tiba ambayo isingewezekana kama maneno ya Carothers yangekuwa kweli.

Swali la haki lilikuwa jingine: je, watu wa hapa wenyewe huita nini akili? Mallory Wober aliyekuwa Makerere aliwauliza Waganda maana ya obugezi, na katika makala yake ya mwaka 1974 alieleza kwamba watu wa vijijini waliuambatanisha na utulivu, uangalifu na mwendo wa polepole, ilhali vipimo vya shule humtuza anayewahi. Wajaluo wa Kenya nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walionekana kuwa na maneno manne pale Mzungu alipo na moja: rieko, luoro, paro na winjo, na luoro ni heshima. Mwanafunzi asiyenyosha mkono mbele ya mkubwa wake, je, hajui, ama anajua adabu? Mwalimu wa lugha, ambaye somo lake haliendi mtu asiposema, hukutana na swali hili kila kipindi.

Sasa tuje kwenye dhehebu lililotutawala zaidi kuliko yote. Ivan Pavlov wa Petersburg hakuwa mtaalamu wa nafsi. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1904 ilikuwa ya uchunguzi wa mmeng'enyo wa chakula, na mate ya mbwa yalikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mmarekani John Watson ndiye aliyetangaza mwaka 1913 kwamba mambo ya ndani yaachwe kabisa, na elimu hii ishughulike na tabia ionekanayo tu. B. F. Skinner aliikamilisha njia hiyo kwa njiwa na panya: kitendo kilichotuzwa hurudiwa, kisichotuzwa hufifia. Mwaka 1957 alitoa kitabu kilichodai kwamba hata lugha ya binadamu ni tabia ya namna hiyo hiyo, inayojengwa kwa vichocheo na thawabu.

Tayari wakati huo mafunzo ya lugha yalikuwa yamekwisha fuata mkondo huo. Jeshi la Marekani lilipohitaji watu wajue lugha za kigeni upesi wakati wa Vita Kuu ya Pili, lilitumia sana mazoezi ya kuiga na kurudia, na baada ya vita njia hiyo ikaenea mashuleni. Sisi sote tumelelewa nayo. Mwalimu husema, "Hiki ni kiti", darasa huitikia, "Hiki ni kiti." Mwalimu huonyesha kisu, darasa huitikia, "Hiki ni kisu." Sitaidharau njia hiyo, kwa kuwa ulimi nao wahitaji mazoezi. Hata hivyo katika mwaka 1959 Noam Chomsky, aliyekuwa na umri wa miaka 30 tu, aliandika tahakiki ya kitabu cha Skinner iliyoutikisa msingi wake. Hoja yake kuu ni kwamba mtu husema na kufahamu sentensi asizopata kuzisikia kamwe, basi haiwezekani awe ameziiga.

Ushahidi tunao katika madaftari tunayoyasahihisha. Mwanafunzi wangu aliandika, "Mtoto anala ugali." Hakuna mwalimu aliyemfundisha neno hilo. Amesikia anasoma, anapika, analima, akaivuta kanuni mwenyewe na kuitia kwenye kitenzi ambacho silabi yake moja hulazimu kubakiza ku-. Hata kama Kiganda, kisemacho alya, kimechangia, bado ni kanuni aliyoivuta, wala si tamko aliloliiga. Mwanatabia angeliona kosa la kufutwa. Mfuasi wa Chomsky angeona akili ikifanya kazi. Kalamu nyekundu ni ile ile, lakini kinachosemwa baada yake hakiwi kimoja.

Tangu hapo kukazuka kile kiitwacho saikolojia ya utambuzi, kilichorudisha mambo ya ndani kwa njia ya mlango wa mbele. Mwaka 1956 George Miller alikuwa amekwisha onyesha kwamba mtu huweza kushika kichwani kwa mara moja vitu kama saba hivi, vikizidi kidogo au kupungua. Anayetoa imla ya sentensi yenye maneno 15 bila kituo na akumbuke hilo.

Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi walizaliwa mwaka mmoja, 1896. Piaget alipokuwa kijana alipewa kazi Paris ya kuandaa vipimo vya akili, akajikuta anavutiwa zaidi na majibu yaliyokosewa, maana watoto wa rika moja walikosea kwa namna moja. Kutokana na makosa hayo akajenga nadharia ya hatua za ukuaji wa fikra. Vygotsky alikuwa mwenzetu: alifundisha lugha na fasihi katika mji wa Gomel kabla ya kwenda Moscow. Alishika kwamba mtoto hufikiri kwanza pamoja na watu, kwa maneno, na baadaye ndipo maneno hayo huingia ndani yakawa fikra. Na kwamba jambo la kumwangalia mwanafunzi si lile awezalo peke yake tu, bali na lile awezalo akishikwa mkono. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Miaka miwili baadaye vitabu vyake vikazuiwa katika nchi yake, na havikuchapishwa tena mpaka mwaka 1956.

Mwanafunzi wake Alexander Luria alikwenda Uzbekistani mwaka 1931 na 1932, akawauliza wakulima wasiojua kusoma: ikiwa dubu wote wa nchi za theluji kaskazini ni weupe, na mahali fulani ni nchi ya theluji kaskazini, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajafika huko, na kitu wasichokiona hawakisemi. Luria akahukumu kwamba kusoma ndiko kuleteako fikra ya mantiki. Miaka mingi baadaye Sylvia Scribner na Michael Cole walilipima dai hilo kwa Wavai wa Liberia, na kitabu chao cha mwaka 1981 kinatuhusu. Wavai wana maandishi yao wenyewe, ambayo hufundishana nyumbani bila shule. Wengine husoma Kurani chuoni, na wengine huenda shule ya Kiingereza. Ikaonekana kwamba kujua kusoma peke yake hakubadilishi fikra nzima. Kueleza mantiki kulitokana hasa na shule, inayomzoeza mtoto maswali ya namna hiyo. Wale wa chuoni nao waliwashinda wengine katika kukumbuka orodha ya maneno inayoongezwa moja moja kwa utaratibu wake, ambayo ndiyo namna Kurani ihifadhiwavyo. Mwalimu amdharauye mwanafunzi aliyetoka chuoni kwa kuwa "amekariri tu" hajui anachokitupa.

Nisiiache Uganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na John Bowlby, alifika Kampala akifuatana na mumewe aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika ya Mashariki. Alisikia kwamba ilikuwa desturi ya Waganda kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kumwachisha ziwa, akataka kuona utengano huo unamfanya nini. Alipoanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji, alikuta kwamba wengi hawaifuati tena desturi hiyo. Asirudi mikono mitupu, akabaki kuangalia kile alichokiona: mtoto anayetambaa mbali na mama yake ili achunguze vitu, kisha akageuka kumtazama, kisha akaendelea. Aliona kuwa watoto wa mama waliowafahamu vizuri na kuweza kueleza habari zao kwa urefu walikuwa na utulivu zaidi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mbinu ya maabara aliyoibuni baadaye huko Baltimore imesambaa ulimwengu mzima. Lakini mbegu ilitoka Buganda. Wako waliomsahihisha. Katika msitu wa Ituri, Kongo, watafiti waliona katika miaka ya 1980 kwamba mtoto mchanga wa Waefe, atimizapo miezi minne hivi, hupitisha zaidi ya nusu ya wakati wake mikononi mwa watu wengine, tena hukua salama.

Freud nimemruka kwa makusudi. Kazi yake iliyoanza kuvuma mwaka 1900 kwa kitabu cha ndoto imewafaa waandishi wa riwaya kuliko walimu. Matawi mengine nayo ni mengi: wako washughulikiao wagonjwa, wako wa kazini na viwandani, wako wachunguzao ubongo tangu Paul Broca alipokutana, mwaka 1861, na mtu aliyeweza kutamka silabi moja tu. Tawi ninalolitaka ni moja, la nafsi katika jamii.

Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha jaribio jepesi. Watu wajuao vizuri Kifaransa na Kiingereza walisoma habari moja kwa lugha zote mbili, sauti zikanaswa, na wasikilizaji wakaombwa wamweleze kila msemaji ni mtu wa namna gani, bila kujua kwamba wanamsikia yule yule mara mbili. Alipotumia Kiingereza alionekana mwenye akili na wa kutegemewa zaidi. Na waliomhukumu hivyo hawakuwa Waingereza tu, bali hata Wafaransa wenyewe. Lambert na Robert Gardner walikwisha onyesha mwaka 1959 kwamba mwelekeo wa moyo kwa watu wenye lugha huchangia kuijifunza, mbali na kipaji.

Katika Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini wazee wetu walikisikia kwanza kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, na waliyoyasikia huko wamewarithisha watoto. Niliiga jaribio la Lambert darasani. Haikuwa utafiti, simu tu juu ya meza. Mwalimu mwenzangu alisoma tangazo moja la mkutano wa wazazi kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili, na baina yake nikatia sauti za watu wengine. Msemaji wa Kiganda, wanafunzi waliandika, ni mwalimu, au mzee wa kanisa, mtu mpole. Wa Kiswahili aliandikwa kuwa askari, dereva wa lori, na mmoja aliandika, "Mtu wa kuogopwa." Nilipomwita mwenzangu aingie na kuyasema yote mawili mbele yao, darasa lilicheka sana. Yule aliyeandika habari ya kuogopwa hakucheka. Aliomba asomewe tena kile cha Kiswahili, polepole, na safari hii akamtazama msemaji usoni.